Kutoa oto, kuweka manyuo, kufunga turbo: kesi ya gari la mjomba

 Nimepotea kidogo, naomba radhi. Nilikuwa nyumbani Majimoto, kule Mpimbwe, mkoani Katavi. Kwa wasiopajua, Majimoto ni mji mdogo wa bonde la Rukwa. Jina lake limetokana na chemchemi za maji ya moto, na ukienda msimu wa mavuno utaona magunia ya mpunga kila kona. Sisi tuliozaliwa kule kabla ya mwaka 2012 tulilala tukiwa watu wa Mkoa wa Rukwa, tukaamka tukiwa watu wa Katavi.

Safari hii nimekuta kesi. Si ya ardhi wala ya ng'ombe waliokula mpunga wa mtu. Ni kesi ya gari, na imeigawa familia nzima.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II, ile ambayo mtaani tunaiita GX110. Injini yake ni 1G-FE ya silinda sita, haina turbo, na gia zake ni oto. Mjomba alilinunua Dar es Salaam akalileta kubeba abiria kati ya Majimoto na Mpanda. Kiangazi halikuwa na shida. Masika ndipo tulipojuana nalo.

Masika yaliyopita mama mdogo alizidiwa na homa usiku, ikabidi akimbizwe hospitali Mpanda. Njia ni Majimoto, Usevya, Kibaoni, kisha unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kutokea Sitalike. Kabla ya Kibaoni gari likazama kwenye tope. Mjomba akaanza kuchezesha gia: D, R, D, R, karibu nusu saa, huku vijana wanasukuma. Likachomoka, lakini ndani kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Wakaendelea hivyo hivyo. Katikati ya hifadhi injini ikawa inanguruma na gari halisogei. Usiku, pori la simba na viboko, mgonjwa kiti cha nyuma.

Aliyewaokoa ni dereva wa Scania aliyekuwa amebeba mpunga. Alimpakia mama mdogo kichwani mwa lori, akamfikisha, na tunamshukuru Mungu alipona. Kesho yake gari lilivutwa kwa kamba mpaka Mpanda. Fundi alipofungua akasema giaboksi imekufa kabisa.

Basi ndiyo kesi. Fundi anasema tutoe oto tuweke manyuo, yaani gia za mkono. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, anasema kama tunafungua hivyo, tusiishie hapo: tuweke na turbo, ili gari lipande milima ya Ufipa bila kuhema. Fedha ni za mpunga wa mwaka mzima, na kuna watoto wawili wanasubiri ada. Mjomba alinigeukia akasema, "Mjomba, wewe si mwandishi wa habari? Kaulize huko unakouliza. Uniambie haya mambo yalianzia wapi na yamewafikisha wapi wenzetu walioyafanya."

Nimeuliza na nimesoma. Haya ndiyo niliyompelekea, na nimeona si vibaya niwashirikishe na ninyi.

GARI LIMEFIKAJE MAJIMOTO

Mark II ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968 ikiitwa Corona Mark II, na iliendelea mpaka mwaka 2004 ilipoipisha Mark X. Hii GX110 ni kizazi cha mwisho, kilichotoka mwaka 2000. Umbo hilohilo lilikuwa na injini za aina mbalimbali. Ya mjomba, 1G-FE, ina cc 1988 na nguvu za farasi 160. Lakini kulikuwa na pacha wake aliyeitwa iR-V, mwenye injini ya 1JZ-GTE, lita 2.5, turbo, farasi 280, na mnunuzi aliyetaka aliweza kulichukua likiwa na gia tano za mkono.

Kwa hiyo anachokitaka binamu si ndoto ya mlevi. Kiwanda chenyewe kilikitengeneza. Swali ni kwa nini sisi tulipata huyu mpole na siyo yule pacha mkali.

Jibu ni kodi na foleni. Japani mwenye gari hulipa kodi kila mwaka, na kodi hiyo hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Injini ya chini kidogo ya cc 2000 ilikuwa nafuu kwa mfanyakazi wa kawaida. Huku kwetu nako ushuru wa bidhaa kwa magari madogo umepangwa kwa miaka mingi kwa ukubwa wa injini, na ukivuka cc 2000 unalipa asilimia kubwa zaidi. Cc 1988 ilikwepa mstari huko ikaukwepa na huku. Ndiyo maana barabara zetu zilijaa 1G-FE.

Na gia je? Japani dereva anakaa kwenye foleni ya mjini, mkono na mguu vimechoka, kwa hiyo alipenda oto. Mwaka 1991 serikali yao ilianzisha hata leseni ya kuendesha oto peke yake. Mtu aliweza kuzeeka akiendesha bila kuijua klachi. Gari la mtu wa namna hiyo ndilo lililopanda meli, likashuka bandari ya Dar es Salaam, likafika Majimoto likakutana na tope.

Kabla ya hapo magari yetu karibu yote yalikuwa ya mkono: Land Rover, Bedford, Leyland, Peugeot 504. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi. Kisha ikaja enzi ya Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia mwaka 1985. Magari yaliyotumika ya Japani yakafunguliwa njia. Mafundi wetu hawakupelekwa chuo kujifunza oto. Walijifunza kwa kufungua.

OTO NA TOPE

Gia za oto zilizouzwa kwa wingi mara ya kwanza ni Hydra-Matic za General Motors. Zilitangazwa mwaka 1939 kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Toyota walikuja na yao, Toyoglide, mwaka 1959, ikiwa na gia mbili tu. Oto nyingi zilizofuata, pamoja na ya mjomba, zinafanya kazi kwa kanuni moja: kati ya injini na gia hakuna klachi ya kukanyaga, kuna chombo kilichojaa oili. Injini inaizungusha oili, oili inazungusha gia.

Hapo ndipo penye raha na penye balaa. Raha ni kwamba gari linasimama kwenye foleni bila kuzimika. Balaa ni kwamba injini ikizunguka na matairi yamenasa, ile nguvu yote inageuka joto ndani ya oili. Nusu saa ya D na R kwenye tope la mfinyanzi ni sawa na kuiweka oili jikoni. Ikishaungua haishiki tena. Mjomba hakuendesha vibaya. Alifanya ambacho dereva yeyote wa Land Rover angefanya, ila alikifanya kwenye mashine isiyotaka hivyo.

Kuna jambo la pili. Pampu inayosukuma oili ndani ya oto inazungushwa na injini. Injini ikizima, hakuna msukumo, na gia hazishiki. Ndiyo maana oto huwezi kuisukuma ikawaka. Betri ikichoka kidogo tu, umekwisha. Manyuo unaweka gia ya pili, watu wanasukuma, unaachia klachi, linawaka, ilimradi betri imebaki na chaji ya kuamsha pampu ya mafuta na kontrol boksi. Na ukivuta oto kwa kamba huku matairi yanayoendesha yako chini, gia zinazunguka bila oili kupita. Yaani ile safari ya kamba kutoka hifadhini mpaka Mpanda inawezekana ndiyo iliyommalizia marehemu.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kesi mimi naiona nyepesi. Fundi yuko sahihi. Sasa tuje kwenye turbo.

TURBO ILITAFUTWA KWA AJILI YA MLIMA

Vijana wengi tunaijua turbo kwa ile sauti ya kupumua kwenye magari ya kishua. Kumbe ni mzee. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Aliona moshi unaotoka kwenye injini unaondoka na nguvu bure. Akasema moshi huo uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo lizungushe lingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na injini ileile inatoa nguvu kubwa zaidi. Ilimchukua miaka ishirini kulifanya lifanye kazi sawasawa. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa turbo zake, na injini za farasi 1750 zikatoa 2500.

Lakini kisa kilichonigusa mimi mtoto wa bondeni ni cha mwaka 1918. Wamarekani walikuwa na tatizo la ndege: ikipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, injini inapungukiwa. Sanford Moss wa kampuni ya General Electric akaibeba injini ya ndege aina ya Liberty kwa lori mpaka kileleni mwa Pikes Peak, jimbo la Colorado, karibu mita 4300 juu ya usawa wa bahari. Chini, injini ile ilitoa farasi 350. Kileleni ikashuka mpaka 230. Alipofunga turbo, ikatoa 356 palepale kileleni.

Someni tena hizo namba, halafu mfikirie Lyamba lya Mfipa. Bonde letu la Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko karibu mita 1800. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Farasi 160 za mjomba zilipimwa Japani, usawa wa bahari. Zikifika Sumbawanga hazifiki 140. Binamu anaposema gari linahema kwenye mlima wa Ufipa, hadanganyi.

TURBO ILIYOTUZUNGUKA SIKU ZOTE

Jambo ambalo sote pale chini ya mwembe tulilisahau ni kwamba turbo si mgeni Majimoto. Inapita kila siku ikiwa na magunia. Ile filimbi unayoisikia Scania linapopanda mlima na mzigo, ndiyo turbo.

Volvo walitoa lori la turbo mwaka 1954. Scania, wakati huo wakiitwa Scania-Vabis, wakafuata mwaka 1961 na injini ya DS10. Mwaka 1969 wakatoa V8 ya lita 14 yenye turbo na farasi 350, na hakukuwa na lori la Ulaya lililoizidi nguvu wakati huo. Malori ya kampuni hiyo yalifika kwetu na hata kuunganishwa hapa nchini, kwenye kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Na mwaka huohuo wa 1969 Scania iliungana na kampuni ya Saab. Watu wa malori wakawa nyumba moja na watu wa magari madogo, na mwaka 1977 Saab ikaonyesha 99 Turbo, mojawapo ya magari madogo yaliyoifanya turbo ikubalike kwa matumizi ya kila siku. Japani nao wakaingia: Nissan Cedric mwaka 1979, Toyota Crown mwaka 1980.

Kwa hiyo lori lililomuokoa mama mdogo usiku ule lilikuwa na nini? Turbo, na gia za mkono. Kitu kilekile anachokitaka binamu. Tofauti ni kwamba Scania lilizaliwa nacho. Bastola zake, njia zake za oili, rejeta yake na breki zake vyote vilipigiwa hesabu pamoja na turbo. Na madereva wake wana adabu zake: akishamaliza mlima hazimi injini papo hapo, anaiacha ingurume kidogo ili turbo ipoe na oili iendelee kupita. Mjulishe kijana mwenye haraka habari hiyo uone kama atakusikiliza.

WALIOPATA NA WALIOPATIKANA

Sasa lile swali la mjomba: wenzetu yamewafikisha wapi?

Waliopata tunao wa karibu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Kwa miaka thelathini walioshinda walikuwa na magari yasiyo na turbo, kwa sababu Safari ilikuwa inaua mashine. Shekhar Mehta wa Kenya alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun za kawaida. Gari la kwanza la turbo kushinda lilikuwa Toyota Celica Twin-Cam Turbo, mwaka 1984, mikononi mwa Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen kwa gari hilohilo, na mwaka 1986 Waldegård tena. Turbo, gia za mkono, matairi mawili ya nyuma ndiyo yanayoendesha, kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Binamu aliposikia hapo aliruka.

Nikamwambia subiri, hujasikia nyuma ya lile gari kulikuwa na nini. Kulikuwa na timu nzima kutoka Ulaya chini ya Ove Andersson. Magari ya mafundi na spea yalilisubiri njiani, na juu angani kulikuwa na ndege ikifuatilia. Lile halikuwa gari moja, ilikuwa gereji inayotembea. Sisi Majimoto tuna fundi mmoja na spana zake, na spea inatoka Dar es Salaam kwa basi.

Waliopatikana ndio kisa ninachotaka mkikumbuke. Mwaka 1962 Oldsmobile, walewale wa oto ya kwanza, walitoa gari la turbo lililoitwa Jetfire. Injini yake ilikuwa na mgandamizo mkubwa, zaidi ya kumi kwa moja. Ukiongeza hewa ya turbo juu ya mgandamizo huo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati na injini inagonga. Dawa waliyoitumia ilikuwa kunyunyizia ndani mchanganyiko wa maji na spiriti kutoka kwenye kitanki kidogo, na mwenye gari alitakiwa akijaze. Watu hawakujaza. Wengine walisahau, wengine waliona usumbufu. Injini zikalegea, malalamiko yakajaa. Mwisho kampuni ikawaambia wenye magari walete, tuwatolee turbo tuwafungie kabureta ya kawaida. Yaani kiwanda chenyewe, chenye wahandisi wote wale, kilifanya kinyume cha anachokitaka binamu: kiliyatoa magari kwenye turbo kikayarudisha kwenye yasiyo nayo.

Na mgandamizo wa 1G-FE ya mjomba ni kiasi gani? Kumi kwa moja. Pacha wake wa turbo, 1JZ-GTE, ulishushwa mpaka tisa kwa moja. Toyota hawakuchukua 1G-FE wakaibandika turbo. Walimpa mteja injini nyingine kabisa.

Land Cruiser nazo zinasema hivyohivyo. Mwaka 1990 Toyota walitoa dizeli mbili za lita 4.2 zinazofanana kwa macho: 1HZ isiyo na turbo na 1HD-T yenye turbo. Ya turbo ndiyo ilikuja ndani ya VX za wakubwa, yale tuliyoyabatiza mashangingi. Ile isiyo na turbo ndiyo iliwekwa kwenye mkonga, unaokwenda vituo vya afya, mbugani na vijijini. Kampuni iliyoweza kuweka turbo iliamua kwamba, kwa kwenda mbali na gereji, afadhali isiyo nayo. Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ, hasa Australia, na zinakwenda. Lakini anayezidisha mafuta na hewa bila kupima joto la moshi huishia kununua bastola mpya.

KAZI YENYEWE

Nilimuomba fundi wa mjomba na wengine wawili wa Dar es Salaam wanieleze kazi hatua kwa hatua. Nawapa kwa ufupi.

Kutoa oto kuweka manyuo: unahitaji giaboksi, na bahati nzuri 1G-FE hiihii ilifungwa kwenye Altezza AS200 ikiwa na gia sita za mkono, na Altezza zipo nyingi nchini. Oto haina flaiwili nzito, ina sahani nyembamba ya chuma, kwa hiyo unatafuta flaiwili, klachi na preshapleti. Mwisho wa krenki unaweka beringi ndogo ambayo oto haikuihitaji. Unabadilisha pedali, unafunga silinda mbili za klachi na bomba lake, unarekebisha tundu la sakafu kwa ajili ya mkono wa gia. Propela shafti inapimwa upya, inakatwa au kuongezwa, kisha inalinganishwa isitetemeke. Kuna waya unaozuia stata mpaka gia iwe P au N, huo lazima uunganishwe upya, pamoja na taa za rivasi. Na kontrol boksi ya oto itaendelea kuitafuta giaboksi yake iliyokufa na kuwasha taa kwenye dashibodi, kwa hiyo unatafuta ya manyuo.

Kuweka turbo kwa njia ya haki ni kuondoa 1G-FE yote na kuweka 1JZ-GTE na giaboksi yake ya R154, pamoja na nyaya, kontrol boksi, pampu ya mafuta, rejeta ya kupozea hewa na breki kubwa. Injini ikibadilika, namba yake kwenye kadi ya gari haifanani tena, na TRA wanatakiwa wajulishwe. Njia ya mkato ni kuibandika turbo kwenye 1G-FE hiyohiyo na kuomba Mungu. Mafundi wote watatu walicheka nilipowatajia ya pili, lakini wawili walikiri wamewahi kuombwa waifanye, na mmoja alikiri aliifanya. Nilipomuuliza gari liko wapi leo, aliangalia pembeni.

HUKUMU

Nilirudi Majimoto nikawasomea haya yote pale pale chini ya mwembe. Niseme ukweli, nilikuwa na upande. Mimi ni kijana kama binamu. Ile filimbi ya turbo naipenda, na nilitamani siku moja nishuke Lyamba lya Mfipa na kupanda tena bila kubadili gia mara kumi. Lakini nilichokisoma kilikuwa kinanivuta upande mwingine. Kote nilikopita, kuanzia meli za Büchi mpaka Safari ya mwaka 1984, turbo ilidumu pale tu ambapo injini iliandaliwa kuibeba na kulikuwa na mtu wa kuihudumia kila siku. Ilipobandikwa kwa mashine isiyoiweza, au kwa mtu asiye na muda nayo, ilirudishwa. Gia za mkono hazina masharti hayo. Zinadai klachi na oili, basi.

Binamu alinijibu vizuri, na sina jibu kamili la hoja yake. Alisema, "Kaka, kila kitu kilichofika hapa kilitengenezewa watu wengine. Tukisubiri cha kwetu tutasubiri mpaka lini?" Ni kweli. Hata kutoa oto ni kukataa hesabu ya Mjapani. Tofauti ninayoiona ni kwamba moja inalipunguzia gari mahitaji yake, na nyingine inayaongeza.

Mjomba alimgeukia mama mdogo, ambaye alikuwa kimya muda wote akichambua mchele. Akamuuliza, "Na wewe dada, unasemaje?"

Mama mdogo hakuinua hata kichwa. "Mimi sijui turbo. Ninachojua, usiku ule mlishuka watu wanne wenye nguvu zenu, mkakaa mnaliangalia. Wekeni gari ambalo watu wakishuka wanaweza kulisukuma."

Kesi ikaishia hapo. Mpunga umeuzwa, ada imelipwa, giaboksi ya Altezza imepatikana na iko njiani. Binamu ameambiwa akitaka turbo akalime shamba lake, naye amekubali kwa shingo upande. Ila nilimwona jioni ile amesimama barabarani, Scania linapita na mzigo wake, ameinamisha kichwa anasikiliza.